HP inapanda bei: jiwe letu limo ndani, lakini si jiwe peke yake

Mutu anayejenga bafle kwa mikono yake anajua hesabu inavyoenda. Tripleksi anaipata kwa seremala wa kartie. Kola na visi viko ku soko. Kitambaa cheusi cha kufunika mbele, mama atakitafuta mu mabaki ya mushonaji. Kukata, kupiga musasa, kupaka rangi: ile ni jasho, na jasho hatulilipii dola. Kisha inabaki HP yenyewe, haut-parleur, ile sahani ya karatasi na chuma inayotoa sauti. Pale njo feza inaishia.

Wengi wanaofanya kazi hii mu Katuba, mu Kenya, mu Kikula ya Likasi ao mu Manika ya Kolwezi hawakuisomea. Walianza kwa mapenzi. Kijana anafungua redio ya baba yake akiwa na miaka 12, anapigwa, anairudisha mpaka inalia tena, na nyuma ya pale kartie yote inamujua. Siku ya ndoa wanamuita. Siku ya kilio wanamuita, ili watu wasikie maombi mpaka nje ya lupango. Kanisa linamuita. Mushahara wa baba ku mine haufiki mwisho wa mwezi, na bafle mbili za mutoto njo zinaleta unga. Kwa hiyo HP ikipanda bei, si muchezo wa vijana peke yake unaoumia.

Ku duka maneno ni yale yale kila siku.

— Papa, hii ya douze ni ngapi?

Muuzishaji anataja bei. Kijana anashika kichwa.

— Lakini mwaka jana ilikuwa chini!

— Mudogo, bintu byote binapanda. Mukuba ilipanda, kobalti ilipanda. Miye nifanye nini?

Jibu lile lina ukweli kidogo na uongo kidogo, na sisi watu wa migodi tuko na haki ya kujua ukweli unaishia wapi.

Hata kule Ulaya wanalia

Tusifikiri ni sisi peke yetu. Mu Ulaya na mu Marekani kuna watu wengi, walimu, madereva, mainjinia wa pansioni, wanaojenga bafle nyumbani siku ya mungu kwa kujifurahisha. Hawafungui kiwanda. Wananunua HP mbili, wanachora sanduku, wanalijenga, wanasikiliza, wanalivunja, wanaanza tena. HP zao wanazitoa kwa watengenezaji wenye jina, sawa Scan-Speak ya Denmark ao SEAS ya Norwe, inayofanya kazi ile tangu 1950. Leo pea moja ya HP za juu kabisa kutoka Denmark inaweza kupita dola 1,000, bila mbao, bila waya, bila kitu kingine.

Zamani kujenga mwenyewe ilikuwa njia ya kukimbia bei ya duka. Sasa mara nyingi bafle iliyotoka mu kiwanda cha China, tayari na ampli na Bluetooth ndani, inauzishwa chini ya bei ya HP mbili nzuri zikiwa tupu. Ile inauma mutu wa Ulaya mu moyo. Kijana wetu inamuuma mu tumbo, juu yeye hajengi kwa kujifurahisha peke yake.

Ndani ya HP kuna nini

Chukua HP iliyokufa, uifungue. Mbele kuna koni ya karatasi. Nyuma ya koni kuna bobini: waya mwembamba wa shaba, mukuba wetu, umezungushwa ku kibomba chepesi. Na nyuma kabisa kuna muzigo, simaku, ile mafundi wanaita aimant. Bobini inaingia mu nafasi nyembamba sana kati ya vyuma viwili vyenye simaku inavitia nguvu. Umeme wa ampli ukipita mu bobini, simaku inaisukuma mbele na nyuma, koni inaifuata, hewa inatetemeka, unasikia gita. Namna hii haijabadilika sana tangu 1925, wakati Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walionyesha HP yao.

Simaku njo ilikuwa shida tangu mwanzo. Mu HP za kwanza waliweka bobini nyingine kubwa nyuma, inayokula umeme muda wote, kwa kufanya chuma kivute, maana simaku za kudumu za wakati ule zilikuwa zaifu. Mu 1931 Mujapani mumoja, Tokushichi Mishima, alipata muchanganyiko wa chuma, nikeli na aluminiu unaovuta vizuri sana. Wengine wakaongeza kobalti, na nguvu ikapanda tena. Ikaitwa alniko: al ya aluminiu, ni ya nikeli, ko ya kobalti. Philips ya Uholanzi waliita yao Ticonal. Mu alniko iliyotumiwa sana ku HP, kobalti ni karibu robo ya uzito, gramu 24 hivi mu kila gramu 100.

Na kobalti ile ilitoka wapi? Mu miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima ilitoka hapa kwetu Katanga, mu mikono ya Union Minière. Mu 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, Likasi ya leo, akarekodi gita ya Jean Bosco Mwenda, na zile sahani zikazunguka Afrika. Redio na gramafoni nyingi za wakati ule zilikuwa na simaku ya alniko. Basi babu aliyetoka ku zamu jioni, akaketi mbele ya redio kusikia Mwenda, pengine jiwe la kartie yake lilikuwa ndani ya kile kisanduku. Hakuna aliyemuambia, na ku mushahara haikuonekana.

Mwaka 1978

Wazee wa Kolwezi hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 13 mwezi wa tano 1978 waasi waliotoka Angola waliingia mu muji. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Watu kwa mamia walikufa, weusi na weupe, na mainjinia wengi wa kigeni wakakimbia. Sisi tunaita vita ya siku sita, kuitofautisha na ile ya siku 80 ya mwaka wa mbele yake.

Mambo ya HP yanaingia pale. Wakati ule Zaïre njo ilikuwa inatoa kobalti nyingi kuliko nchi yote, na soko lilikuwa limeanza kukazana hata mbele ya vita. Mu mwanzo wa 1978 livre moja ya kobalti, gramu 454, ilikuwa chini ya dola 7. Mwanzo wa 1979 bei ya wazalishaji ilikuwa dola 25, na ku soko la mukono kwa mukono ilipita dola 40. Kobalti ikaanza hata kupanda ndege kwenda Ulaya. Ajabu ni kwamba uzalishaji haukuanguka namna watu waliogopa. Kazi ilirudi upesi. Kilichopanda sana ni woga.

Fanya hesabu na miye. Simaku ya alniko ya nusu kilo inabeba kobalti gramu 120 hivi. Kwa bei ya mbele ya vita ile kobalti ilikuwa ya dola mbili kasoro. Kwa bei ya 1979 ikapita dola 6, na mwenye kununua ku soko la haraka alilipa dola 10 na zaidi, kwa feza ya wakati ule. Kwa HP moja si mingi. Kwa kiwanda kinachotoa maelfu kila mwezi, tena bila kujua kama kobalti ya mwezi unaokuja itafika, ni kifo.

Basi viwanda vikakimbia. JBL ya California na Tannoy ya Uingereza, majina makubwa ya sauti, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 waliacha alniko mu HP zao karibu zote, wakaenda ku feriti. Feriti ni unga wa kutu ya chuma, umechanganywa na bariamu ao strontiamu, umepikwa sawa chungu. Hauna kobalti hata gramu moja. Ulikuwa umejulikana tangu mwanzo wa miaka ya 1950, na viwanda vya redio za bei ndogo walikuwa wanautumia zamani. Ni zaifu kuliko alniko, kwa hiyo simaku inakuwa pana na nzito, lakini bei yake ni ya chini sana na vitu vyake vinapatikana popote.

Kwa maoni yangu ile siku Kolwezi ilipoteza muteja ambaye hakurudi tena. Bei ya kobalti ilishuka miaka iliyofuata, lakini viwanda vilikuwa vimekwisha kubadilisha mashini na michoro yao. Alniko ilibaki kitu cha mapenzi, sana sana kwa wapiga gita. Celestion ya Uingereza mpaka leo wanatengeneza HP yao ya bluu ya alniko, na bei yake ni karibu mara mbili ya ndugu yake wa feriti.

Neodimu, na mulango wa China

Mu 1984 simaku mupya ilitangazwa, na Sumitomo ya Japani na General Motors ya Marekani karibu wakati mumoja: neodimu, chuma na boroni. Nguvu yake inatisha. Kipande kidogo sawa kifuniko cha chupa kinafanya kazi ya feriti kubwa sawa mukate. HP ya quinze iliyokuwa na kilo 10 inaweza kushuka mpaka kilo 5 hivi. Kwa mwenye kubeba bafle ku bega kutoka kilio kimoja mpaka ndoa nyingine, ile ni baraka.

Lakini neodimu inatoka karibu yote China. Mu 2010 na 2011 China walifunga mulango kidogo, wakapunguza kiasi cha kutoka inje, na bei ikaruka mara nyingi mu miezi michache. Viwanda vya HP vilifanya sawa vile baba zao walifanya mu 1979: aina nyingi zikarudi ku feriti. Bei ikashuka, neodimu ikarudi. Kisha mu mwezi wa ine 2025 China wakaweka sheria kwamba madini saba ya namna ile, pamoja na disprosiamu na terbiamu zenye zinasaidia simaku ya neodimu kuvumilia joto, hayatoki bila ruhusa ya serikali. Simaku zilizo na madini yale, vilevile.

Na kuna mushindani mwingine wa simaku ile, mwenye feza kuliko mujenzi wa bafle: gari la umeme. Motere moja ya gari inaweza kubeba kilo 1 ao 2 za simaku ya neodimu, na betri yake, kama ni ya namna yenye kobalti, inabeba kobalti kilo kadhaa. Kijana wa Katuba na kiwanda cha magari wako mu mustari mumoja mbele ya duka moja. Munajua nani atahudumiwa wa kwanza.

Kobalti ilipanda, ndiyo, lakini angalia simaku

Kwetu pia mulango ulifungwa. Kobalti ilikuwa mingi kupita kiasi, bei ilianguka karibu dola 10 kwa livre, na tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya nchi. Ilianza kwa miezi ine, ikaongezwa. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025 kuna kipimo kwa kila kampuni, chini ya ARECOMS, na kwa mwaka 2026 kipimo cha nchi nzima ni tani 96,600. Mu muda ule bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Wasomaji wetu wa Kolwezi wanajua vile ile ilivyoingia mu nyumba zao, kwa uzuri na kwa ubaya, na hatutairudilia hapa.

Muuzishaji anaweza kusema basi «kobalti ilipanda»? Mwambie akuonyeshe simaku. HP karibu zote za soko letu ni za feriti: kata nyeusi ao ya kijivu nyuma, imebanwa kati ya sahani mbili za chuma, ukiigonga inavunjika sawa sahani ya kula. Ndani yake hakuna kobalti. Simaku ya alniko haionekani kwa urahisi, iko ndani ya kikombe cha chuma, ndogo na ndefu. Neodimu ni ndogo, na HP yote inakuwa nyepesi, inakushangaza mu mukono. Pale ndani kunaweza kuwa kobalti kidogo sana.

Na mukuba? Mu mwezi wa tano 2024 tani moja ilipita dola 11,000 ku soko la London, bei yenye haijawahi kuonekana mbele ya pale. Lakini bobini ya HP kubwa ina shaba gramu 50 hivi. Kwa dola 11 kilo, ile ni senti 55. Nusu ya dola! Hata mukuba ukipanda mara mbili, HP haiwezi kupanda dola 20 juu yake. Mwenye kusema hivi anakudanganya, tena anakudanganya kwa jina la jiwe lako mwenyewe.

Feza nyingi inaenda kwingine. Kwanza viwanda. Wadenmark wa Peerless, tangu 1926, na Vifa, tangu 1933, walikuwa wanalisha wajenzi wa nyumbani wa dunia nzima. Waliunganishwa, kisha wakaingia mu Tymphany mu 2005, na kazi ikahamia China. Kiwanda cha namna ile kinataka komandi ya maelfu kwa mara moja, ya magari, ya televizioni, ya vile visanduku vya Bluetooth. Mutu anayetaka HP mbili ni musumbufu. HP za kuuzishwa moja moja zinakuwa chache, na kitu kichache kina bei yake.

Kisha safari. Mu 2021 kontena kutoka China kwenda Ulaya, iliyokuwa chini ya dola 2,000 miaka ya mbele, ilipita dola 10,000. Ilishuka nyuma, lakini bei ku maduka haikushuka kwa mwendo ule ule. Haishukaki kamwe kwa mwendo ule ule. Na HP ni chuma, inalipa kwa uzito. Mu Marekani, mu 2025, waliongeza forodha ya vitu vinavyotoka China na vilevile Ulaya, na wajenzi wa kule wakalipa. HP yetu inapita bahari mpaka Dar es Salaam, inapanda lori, inavuka Zambia nzima, inalala ku foleni ya Kasumbalesa, na kila mutu aliyeigusa anataka kula. Mukuba wetu unapita njia ile ile kwenda chini. Unatoka kilo kwa bei ya London, unarudi gramu 50 kwa bei ya Kasumbalesa.

Namba yenye hakuna anayeiuliza

Wote wanauliza wati. «Hii ni wati ngapi?» Na ku kibandiko kumeandikwa 1000, kwa herufi kubwa nyekundu, ku HP yenye bobini ndogo sawa kidole gumba. Wati zile ni za mudomo.

Namba ya kuuliza ni dB: sauti yenye HP inatoa kwa wati moja, ukisimama metre moja mbele yake. HP nyingi za bei ndogo zina 88 ao 90. HP nzuri za muziki wa inje zina 96, 97, na zaidi. Kila dB 3 zenye unapata ni sawa kuongeza ampli mara mbili. Basi HP ya dB 97 ikipewa wati 10 inalia sawa HP ya dB 91 iliyopewa wati 40. Kwa nyumba yenye SNEL inakata kila jioni, na muziki unatoka mu betri ao mu paneli ya jua, ile namba ni feza ya kweli. Pengine HP ya bei kubwa kidogo itakupunguzia ampli, na ampli ndogo itakupunguzia betri. Hesabu vyote vitatu pamoja, usihesabu HP peke yake.

Mambo ya mitraille

Mu nyumba nyingi za zamani za Union Minière na za Gécamines kuna redio kubwa ya mbao imekufa mu kona, ao meza ya gramafoni yenye mama anawekea vyombo. Vijana wa mitraille wanapita, wanatoa feza kidogo, wanaibeba. Kisha wanavunja: chuma pembeni, shaba pembeni, mbao ku moto.

Mbele ya kuitoa, geuza ile HP uangalie nyuma. Kama ni Philips na uone neno Ticonal, ao simaku ni kikombe kidogo cha chuma badala ya kata nyeusi pana, usiiuzishe kwa kilo. Zile HP za kale zilijengwa kwa ampli ndogo za taa, zenye wati chache, kwa hiyo zinalia kwa nguvu na umeme kidogo. Fundi anaweza kuziweka mu sanduku mupya zikafanya kazi miaka mingine. Mu Ulaya wenye mapenzi wanazitafuta. Aina fulani ya Philips, AD9710M, pea yake ikiwa nzima inafika mamia ya euro. Sisemi kila redio ya babu ni dhahabu. Nyingi zina HP ndogo ya kawaida, koni imepasuka, panya alikula karatasi, na kuituma Ulaya kutakula faida yote. Lakini kuiweka ku mizani pamoja na bati za paa, ile ni hasara ya bure.

Kuifufua

HP ikifa, mara nyingi kilichokufa ni bobini peke yake. Imeungua, ampli ilikazwa mpaka mwisho usiku muzima. Simaku iko nzima, chuma kiko kizima, na kama tulivyoona, ule muzigo wa nyuma njo unaokula safari na forodha. Kwa hiyo usiitupe. Bobinage ni kazi yenye mafundi wetu wanaijua: waya wa shaba wenye vernisi, unene ule ule wa wa zamani, muzunguko ule ule, mwelekeo ule ule. Wengine wanautoa mu transfo za kale. Kama pembe ya koni ni sifongo iliyooza, inabadilishwa kwa kitambaa ao ngozi nyembamba. Fundi muzuri atakuomba umupe HP yako mbili pamoja hata kama moja tu imekufa, ili zilie sauti moja.

Jambo moja la kuangalia: simaku ya alniko usiitoe mu vyuma vyake. Ukiitenga inapoteza nguvu yake nyingi, na mwenye mashini ya kuirudishia ile nguvu hatapatikana mu kartie. Usiigonge na nyundo. Ya neodimu inavumilia kutengwa, lakini inaogopa joto: aina ya kawaida inaanza kupungua ikipita digri 80. Tena inabana vidole vibaya sana.

Ukinunua ya soko, mupya ao ya mukono wa pili, beba multimetre. HP ya ohm 8 itaonyesha karibu 6, ya ohm 4 itaonyesha 3 na kitu. Ikionyesha sufuri ao haionyeshi kitu, bobini imekufa. Toa kile kifuniko cha kauchu cha nyuma, juu kuna HP zenye kifuniko kikubwa na simaku ndogo ndani. Weka vidole vine kuzunguka katikati ya koni, usukume polepole sawasawa. Ukisikia inakwaruza, bobini imegusa chuma. Bobini yenye fundi amerudisha nayo inajaribiwa vile vile, kwa vidole, mbele ya kola kukauka. Kama haikwaruzi, inaachwa usiku muzima bila kuguswa, na ampli inawashwa kesho asubuhi, kwa sauti ya chini.